Butiama ina jina kubwa, lakini jina haliliki

Kila ikikaribia Oktoba 14, Butiama inarudi kwenye vichwa vya habari. Mashada yanawekwa kwenye kaburi la Mwalimu Nyerere, hotuba zinatolewa, misafara inaondoka. Baada ya hapo kijiji kinabaki na wenyewe.

Sasa jiulize: miezi mingine 11, mwananchi wa pale anafaidika vipi na jina hilo?

Mgeni wa siku moja

Butiama siyo mbali. Ukitoka stendi ya Bweri, Musoma, unafuata barabara ya Mwanza hadi Makutano, kisha unaiacha na kuelekea kijijini. Juu ya mawe ya Mwitongo ndipo yalipo makaburi ya Mwalimu na wazazi wake, Chifu Burito na Mama Mugaya. Kuna makumbusho yaliyofunguliwa 1999, na jirani ni msitu wa Muhunda, unaoheshimiwa na Wazanaki kwa mila zao.

Ni vitu vya maana, lakini vyote unavimaliza kwa nusu siku. Jioni mgeni anarudi kulala Musoma, na hela ya chakula na kitanda inaondoka naye. Watalii wa Serengeti wanaotokea Mwanza ndiyo kabisa: wanaingilia lango la Ndabaka, Bunda, kabla hata ya kufika Makutano.

Wanasiasa nao ni hivyo hivyo. Machi 2008 Halmashauri Kuu ya CCM ilikutana Butiama kujadili muafaka na CUF. Nchi nzima ilikitaja kijiji, kikao kikaisha, watu wakaondoka.

Chuo ni habari nyingine

Kinachoweza kubadili hesabu ni Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Julius K. Nyerere, kinachojengwa Butiama kupitia mradi wa HEET, kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Mwanafunzi siyo mtalii. Anakula kila siku, anapanga chumba, anapanda bodaboda, ananunua vocha.

Ila faida haiji yenyewe. Kama unga, nyama na mboga vitatoka Musoma, na viwanja vya kujenga hosteli vitauzwa mapema kwa bei ya kutupa kwa watu wa nje, wenyeji watabaki vibarua kwenye ardhi iliyokuwa yao. Na kijana asiyeona riziki nyumbani ataendelea kukimbilia mashimo ya dhahabu ya Buhemba, au kupanda basi pale Bweri.

La kufanya

Halmashauri ya Butiama, wilaya iliyoanzishwa 2012, ina nafasi ya kukaa na chuo mapema: vikundi vya wakulima vipewe zabuni za chakula, na wenye ardhi waelezwe kwamba kuna njia ya kukodisha badala ya kuuza.

Mwalimu alistaafu urais 1985 akarudi kijijini kulima. Kumuenzi Oktoba ni jambo jema, lakini mkulima wa Butiama anahitaji soko Januari hadi Desemba.