Doo ya turbo iko, ya tanki haiko?

Mazee, umenunua turbo, rimu na egzosi ya kuamsha mtaa mzima, halafu unaingia autokrosi na tanki la bati umefunga na waya kwenye buti. Ndai ikipinduka, petroli inakufuata hadi kwenye kiti.

Tanki la usalama ni mfuko wa mpira mgumu ndani ya sanduku la chuma. Sponji inatuliza mafuta, vali inajifunga gari likilala kichwa chini. Weka pia ukuta wa bati nyuma ya kiti, usiniambie "nitaweka baadaye".

Grosjean wa Formula 1 alikaa motoni sekunde 28 pale Bahrain, 2020. Alivaa kila kinga na bado mikono iliungua. Wewe uko na tishati na helmeti ya kuazima.

Na usinunue mfuko mtumba, ile ya FIA huisha muda baada ya miaka 5. Doo hauna? Uza hizo rimu.