Kiingereza nacho kilidharauliwa kwao

Mwandishi mmoja amedai gazetini kwamba Kiingereza kilizaliwa lugha ya sheria na sayansi, ilhali Kiswahili ni cha sokoni, hivyo watoto wa Kilwa na Lindi wasicheleweshwe nacho sekondari.

Kilizaliwa hivyo lini? Mwaka 1331, msafiri Ibn Battuta alipofika Kilwa na kuusifu uzuri wake, wakubwa wa Uingereza walikuwa wakisemezana Kifaransa. Kiingereza waliachiwa wakulima na watumishi. Mahakamani kiliruhusiwa kwa sheria ya mwaka 1362, na sheria yenyewe, usicheke, iliandikwa kwa Kifaransa! Hata mwanasayansi Newton, mwaka 1687, kitabu chake kikuu alikitoa kwa Kilatini. Kufikia 1711, Kilwa ilikuwa ikiandika barua zake za siasa kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Zimehifadhiwa Goa, India, mpaka leo. Hiyo ndiyo lugha ya sokoni?

Kiingereza hakikusubiri kikomae ndipo kipewe kazi. Kilipewa, kikakosa maneno, kikayachota kwa Wafaransa na Walatini bila haya. Sisi Watanzania, Bunge letu linajadili kwa Kiswahili, na tangu 2021 ndicho lugha ya sheria na mahakama. Kwa hoja gani basi fizikia ya kidato cha kwanza ikishinde?