Wakazi hewa wa Coventry

Nawaandikia kutoka huku kwa Malkia. (Najua, ni kwa Mfalme tangu Septemba 2022, lakini ulimi umeshazoea.) Leo sina habari za baridi wala za kubeba boksi. Nataka tuongee habari ya kuhesabu watu, na tafadhali msinikimbie, maana jambo hili linatuhusu sisi tulio nje kuliko linavyowahusu wengine.

Kilichonisukuma ni ubishi kwenye kikao cha harusi. Michango ilipokwisha kuandikwa, jamaa mmoja akaanza: sensa ni kupoteza hela, serikali ya huku ina kompyuta, ina namba yako ya bima, ina jina lako kwa GP, ina visa yako, inakujua hadi unapolala, sasa ya nini kutumia mamilioni ya pauni kuuliza watu wanaishi wangapi? Wengi wakatikisa kichwa kukubali. Mimi nilikataa na bado nakataa. Sababu yangu iko dakika ishirini na kitu kwa treni kutoka New Street. Inaitwa Coventry.

Kwanza tuelewane wanavyofanya. Waingereza wanahesabu watu kila baada ya miaka kumi tangu 1801, wakaruka 1941 tu kwa sababu ya vita. Sensa ya mwisho kwa England na Wales ilikuwa Machi 21, 2021, korona ikiwa bado ipo, na wengi wetu tuliijaza kwenye simu. Walipata watu milioni 59.6. Sasa ile miaka iliyo kati ya sensa na sensa hawakai bure. Kila mwaka ONS, ofisi yao ya takwimu, inatoa makadirio ya watu waliokuwepo Juni 30, wilaya kwa wilaya. Hesabu yenyewe ni ya duka la Mangi: chukua waliokuwepo mwaka jana, ongeza waliozaliwa, toa waliokufa, ongeza waliohamia, toa waliohama. Ukimaliza unajua wapi panajaa na wapi panakimbiwa, na hapo ndipo hufuata shule, hospitali, nyumba na fedha za kaunsili.

Waliozaliwa na waliokufa hawasumbui. Mtoto lazima aandikishwe ndani ya siku 42, na huku huwezi kumzika mtu kimya kimya. Anayehama kutoka Birmingham kwenda Leeds naye anaonekana, maana akijiandikisha kwa GP mpya, jina linatoka kwa yule wa zamani. Kazi ipo kwa wanaoingia na kutoka nchini. Uingereza haina balozi wa nyumba kumi. Ukiondoka Heathrow hakuna anayekugongea muhuri wa kutoka. Kwa miaka mingi, kuanzia 1961, walitegemea wahojaji waliosimama viwanja vya ndege na bandarini, wakichagua abiria wachache na kuwauliza: unakwenda wapi, utakaa muda gani? Kutokana na majibu ya hao wachache wakapigia hesabu nchi nzima. Wahojaji waliondolewa Machi 2020 korona ilipoingia, na hesabu ya wahamiaji haikurudi tena kwa njia hiyo. Sasa wanatumia zaidi kumbukumbu za visa na kodi.

Birmingham yenyewe imewahi kupungua ikainuka. Mwaka 1951 ilikuwa na watu zaidi ya milioni 1.1. Nyumba za zamani za katikati ya mji zikabomolewa, watu wakapelekwa Chelmsley Wood, Redditch na Telford, baadaye viwanda vikaanza kufungwa kimoja kimoja, na sensa ya 2001 ikakuta watu 977,000. Aprili 2005 kiwanda cha magari cha MG Rover pale Longbridge kikaanguka na wafanyakazi kama 6,000 wakaenda nyumbani. Ungesema mji umekwisha. Lakini 2011 wakahesabiwa watu milioni 1.073, na 2021 wakawa 1,144,900. Waliojaza pengo unawajua, unapanda nao basi namba 11 kila siku: Wapakistani na watoto wao, Wasomali waliohama kutoka Uholanzi, Wapolandi, Wajamaika wa siku nyingi, na sisi tuliokuja na sanduku moja.

Na hapa niwe mkweli. Kwa Birmingham makadirio yalikuwa mazuri sana. Yale ya 2020 yalisema watu milioni 1.14, na sensa ya mwaka uliofuata ikakuta karibu hivyo hivyo. Kwa England na Wales nzima pia hawakukosea sana. Ndiyo maana yule jamaa wa kikao cha harusi anaona mambo safi. Jumla ikiwa sawa, nani atauliza?

Panda treni sasa uje Coventry. Mwaka 2011 mji ule ulikuwa na watu 317,000. Una vyuo vikuu viwili vikubwa, na vyote vinapokea wanafunzi wengi kutoka nje: China, India, Nigeria na hata Bongo. Mwaka baada ya mwaka makadirio yakapanda, na kufikia 2020 yalikuwa karibu 379,000. Kwenye karatasi Coventry ilikuwa inakua kama uyoga. Basi kaunsili ikapanga kwa mujibu wa karatasi. Mpango wa mji uliopitishwa Desemba 2017 ulitaja mahitaji ya nyumba 42,400 kuanzia 2011 hadi 2031. Mji wenyewe ulisema una nafasi ya nyumba 24,600 tu, zilizobaki wajenge majirani wa Warwickshire. Hata hizo 24,600 hazikutosha bila kugusa ule ukanda wa kijani, yaani ardhi inayozunguka mji ambayo sheria inazuia isijengwe ovyo. Mashamba ya Keresley na Eastern Green yakaingizwa kwenye mpango wa ujenzi.

Wenyeji wakaanza kuuliza swali ambalo hata bibi yangu asiyejua kusoma angeuliza: hao watu wote wako wapi? Mbona wodi za wazazi hazijajaa kwa kiasi hicho? Mbona madarasa ya watoto wadogo hayaongezeki hivyo? Kelele zikafika kwa wasimamizi wa takwimu za serikali, na Mei 2021 wakatoa ripoti iliyokubali kwamba kwenye baadhi ya miji yenye wanafunzi wengi makadirio yanaonekana hayalingani na ushahidi mwingine wa pale pale. Halafu matokeo ya sensa yakatoka. Coventry: watu 345,300.

Pungufu ya watu kama 34,000! Uwanja mzima wa mpira wa watu ambao walikuwepo kwenye kompyuta tu. Sisi kwetu tuna neno zuri la jambo hili. Mwaka 2016, enzi za Magufuli, serikali iliondoa zaidi ya wafanyakazi hewa 10,000 kwenye orodha ya mishahara. Coventry walikuwa na wakazi hewa.

Wapo waliosema ni korona, wanafunzi walikuwa makwao. Korona ilivuruga kweli mahali pengine: Westminster, katikati kabisa ya London, ilishuka kutoka 219,400 hadi 204,300 kati ya sensa mbili, na Kensington na Chelsea ikapungua karibu asilimia 10. Lakini malalamiko ya Coventry yalianza kabla ya korona, na wanafunzi waliambiwa wajihesabu kwenye anuani ya chuo.

Chanzo ninakijua mimi na unakijua wewe uliyesoma huku. Mwanafunzi akifika, wiki ya kwanza anajiandikisha kwa GP, anafungua akaunti, anapata namba ya bima. Kila mlango unamwandika. Akimaliza anauza kitanda na godoro, anapanda ndege, basi. Nani anampigia daktari simu kusema "dokta, kwaheri, mimi naenda zangu Mwanza"? Nyumba ya kwanza niliyopanga huku ilikuwa Handsworth. Tulikuwa wanne, lakini barua zilizoingia mlangoni zilikuwa za majina kumi na moja. Mmoja hospitali ilimkumbusha miadi ya macho kwa miaka miwili mfululizo. Tuliambiwa na mwenye nyumba kwamba alisharudi Ghana kabla hata sisi hatujaja. Kwa GP wake alikuwa mzima na mkazi wa Birmingham.

Kuingia kunaacha alama, kuondoka hakuachi. Hilo kompyuta haliwezi kulirekebisha, hata uongeze kompyuta ngapi, maana kompyuta inajua kile ilichoambiwa. Kwa hiyo kosa halisambai nchi nzima kwa usawa. Linakwenda kujikusanya palipo na wapita njia: miji ya vyuo, mitaa ya wapangaji, sehemu tunazoishi sisi. Linaweza kuonyesha mji unakua wakati unakua nusu tu ya hapo. Na likigeuka upande wa pili ndio balaa, mtaa uliojaa watu unaonekana mtupu. Sisemi nyumba zisijengwe, mimi mwenyewe napanga na kodi inaniumiza. Nasema ukitaka kumega shamba, uwe umehesabu vichwa, maana shamba likishapigwa zege halirudi.

Msidhani haya ni ya Wazungu tu. Angalieni Dar. Kati ya sensa ya 2002 na ya 2012 mkoa ulikua kwa asilimia 5.6 kwa mwaka, na 2012 tukawa watu 4,364,541. Mtu akichukua kasi ile ile na kuiburuta hadi 2022 anapata zaidi ya milioni 7.6. Makarani walipopita Agosti 23, 2022 walikuta watu 5,383,728. Kasi imeshuka hadi asilimia 2.1. Watu wamekwenda wapi? Tazama mkoa wa jirani: Pwani ilitoka 1,098,668 ikafika 2,024,947 katika miaka hiyo hiyo kumi. Dada yangu ni mmoja wao. Alichoka kodi ya Mbagala, akanunua kiwanja Vikindu, amejenga vyumba vitatu. Alfajiri anapanda gari kwenda Kariakoo kwenye biashara yake, usiku anarudi. Sensa yetu inauliza nani alilala hapa usiku wa kuamkia siku ya kuhesabiwa, kwa hiyo yeye ni mtu wa Pwani, ingawa barabara anazozichakaza na takataka za duka lake ni za Dar. Hakuna mstari wa kuburuta kwenye karatasi ambao ungekuonyesha Vikindu. Ilibidi karani avae kizibao aende.

Halafu Kilimanjaro, 1,640,087 hadi 1,861,934, asilimia 1.3 tu kwa mwaka. Hiyo nayo ni kwa sababu sensa ilikuwa Agosti. Wangehesabu Desemba 25, Moshi ingeshinda mikoa yote! (Wachaga msininunie.)

Nirudi huku. Baada ya sensa ya 2021 kulikuwa na mpango wa kuachana kabisa na sensa na kutegemea kumbukumbu za ofisi peke yake. Walibishana miaka kadhaa. Juni 2025 mamlaka ya takwimu ikapendekeza sensa ifanyike tena 2031 kwa England na Wales, na serikali ikaagiza ifanyike. Nilifurahi kama nimesikia Taifa Stars wamefuzu. Kumbukumbu za ofisi zitumike, sawa, mwaka hadi mwaka zinasaidia. Lakini lazima kuwe na siku ya kuamsha watu na kuwauliza.

Sasa tugeukiane sisi wenyewe, maana tuna lawama. Mwaka 2021 nilisikia kwa masikio yangu: "usiandike majina yote, Home Office wataona", "mwenye nyumba akijua tuko saba tumekwisha". Nyumba ya watu saba ikaandikwa watu watatu. Ndugu zangu, fomu ya sensa inafungwa miaka 100. Za mwaka 1921 zilifunguliwa Januari 2022, na waliojaza karibu wote walikuwa makaburini. Asiyejaza kabisa anaweza kupigwa faini hadi pauni 1,000. Ni kweli wana ujanja wao: baada ya sensa wanarudi mitaani kupima wangapi wamekosekana, wanajazia kwa hesabu, kwa hiyo hata sensa ina makadirio ndani yake. Lakini wakikujazia, wanajua kuna mtu tu. Hawajui kwamba ni Mtanzania, wala kwamba nyumbani watoto wanaongea Kiswahili. Halafu ndio sisi tunaolalamika kwamba GP ana foleni ya wiki tatu, na mtoto kapangiwa shule ya mabasi mawili. Unalalamikia nafasi uliyokataa kuhesabiwa?

Na wewe unayefunga mizigo kurudi Bongo kabisa mwezi ujao: kabla hujazima laini ya simu, mpigie GP wako akufute. Ni dakika tano, nyingi za hizo ukiwa unasikiliza muziki wa kusubiri.