Apewe sifa msumbufu

Na Mwanaidi Salim

Sisi tuliokua na filamu za Kihindi tumezoea mapenzi ya kukimbizana bustanini na mvua ya kutengenezwa. The Lunchbox ya Ritesh Batra, iliyotoka mwaka 2013, haina mambo hayo. Ina mtu anayekula peke yake.

Huyo ni Saajan Fernandes, mhasibu mgane wa Mumbai anayekaribia kustaafu. Aliyemwigiza ni hayati Irrfan Khan. Mjini humo kuna wachukuzi, dabbawala, wanaobeba chakula cha mchana kutoka majumbani hadi maofisini. Mke mmoja aitwaye Ila, anayempikia mume asiyemjali, anatuma chakula, nacho kwa makosa kinamfikia Saajan. Ila anapolalamika, mchukuzi anahamaki: wao hawakosei, hata watu wa Harvard wamekuja kuwachunguza! Basi barua zinaanza kupita ndani ya chombo. Ya kwanza ya Saajan haina hata ahsante. Anasema chumvi ilizidi.

Wengi huisifu filamu hii kwa barua hizo. Mimi nasema aliyemtoa mzee upwekeni ni Shaikh, kijana aliyeletwa kurithi kazi yake, ambaye Nawazuddin Siddiqui amemwigiza kwa ustadi wa kuudhi. Saajan anamkwepa. Anamwambia aje baadaye, kisha haonekani. Shaikh hakomi, anavuta kiti na kuketi, mpaka mzee anamgawia chakula. Kwenye treni anakatia mboga juu ya mafaili ya ofisi. Kila mara anasema, "mama yangu alikuwa akisema," ilhali ni yatima. Akiulizwa, anajibu kwamba maneno yakitajiwa mama yanapata uzito.

Barua ina starehe yake: unaandika ukiwa umetulia, unafuta usichopenda, unabaki na sura unayoitaka. Ndiyo maana siku ya miadi Saajan anafika mgahawani, anamwona Ila alivyo kijana, anakaa meza nyingine akimtazama bila kujitambulisha. Barua zilimpa pa kujificha. Shaikh hakumpa. Siku ya harusi yake, kijana hana ndugu hata mmoja, na anayesimama upande wake pichani ni mzee yule yule aliyekuwa akimkimbia.

Ila naye ana msumbufu wake, jirani wa ghorofa ya juu. Hatumwoni kamwe, tunasikia sauti tu, na kikapu cha viungo kinashushwa kwa kamba. Mama huyo anamuuguza mume asiyejitambua kwa miaka mingi, lakini bado ana muda wa kuingilia sufuria ya mwenzake.

Siku hizi hata kwetu anayebisha hodi bila kupiga simu kwanza huonekana hana adabu. Kujifungia huku tunakuita ustaarabu. Mimi nakuona ni ubahili.

Filamu inaisha bila kuonyesha kama Saajan na Ila walikutana, na wapo waliokasirika. Mimi niliridhika: mzee alikuwa ameshapigwa picha ya familia. Itazameni, kisha mniambie kama nakosea.