Mifupa ya wacheza ngoma wa kike: Suala la afya linalosahaulika Gisenyi

Mwezi Desemba mwaka 2024, shirika la UNESCO liliiingiza ngoma ya Intore ya Rwanda katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Heshima hiyo imeiinua ngoma machoni pa dunia, lakini imeacha wazi swali moja: ni nani anayeangalia afya ya msichana anayecheza ngoma za Kinyarwanda?

Mjini Gisenyi, wilayani Rubavu, ngoma na michezo ni majirani. Mwaka 2019 ufukwe wa Ziwa Kivu ulipokea mashindano ya mzunguko wa dunia ya voliboli ya ufukweni, na mbio za baiskeli za Tour du Rwanda hufika huko. Mchezaji wa voliboli ana shirikisho linalowajibika kwake. Mcheza ngoma huhesabiwa kuwa mlinzi wa utamaduni tu, ingawa naye hutoka jasho.

Tofauti hiyo ina uzito kwa sababu mfupa ni kiungo hai. Hujijenga kila unapopata mshindo wa kuruka na kutua, na sehemu kubwa ya akiba yake huwekwa kabla ya umri wa miaka 20 hivi. Ndiyo maana wachezaji wa voliboli na wa jimnastiki huwa na mifupa mizito, ilhali waogeleaji na waendesha baiskeli, ambao uzito wao hubebwa na maji au na kiti, hawapati faida hiyo.

Mcheza ngoma yuko katikati. Miguu na nyonga huimarishwa na kukanyaga ardhi, lakini mikono na uti wa mgongo hupata kidogo. Hata ndani ya ngoma ya Kinyarwanda mzigo haulingani: intore wa kiume huruka na kutua kwa kishindo, huku wanawake katika umushagiriro wakipiga hatua za taratibu na kuinua mikono mfano wa pembe za ng’ombe wa inyambo.

Zaidi ya hayo, mazoezi peke yake hayatoshi. Mwili usiopata chakula kinacholingana na kazi yake hubana matumizi. Hedhi huchelewa au hukatika, homoni ya estrojeni hupungua, na mfupa hupoteza kinga yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 1986 na Michelle Warren na wenzake, kuhusu wacheza baleti 75 nchini Marekani, ulikuta kwamba asilimia 61 walikuwa wamewahi kuvunjika mfupa, na hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa waliochelewa kuvunja ungo. Mwaka 2014, Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitambua rasmi madhara ya upungufu huo wa nishati kwa wanamichezo, wanawake kwa wanaume.

Matokeo ya baleti hayawezi kuhamishiwa Gisenyi yalivyo. Baleti hudai wembamba, na wengi hujinyima kwa hiari. Ngoma ya Kinyarwanda haina sharti hilo. Hapa hatari huweza kutoka mfukoni: msichana anayetoka shuleni, akafanya mazoezi hadi jioni na kulala baada ya mlo mmoja mwepesi, huingia katika upungufu ule ule bila kukusudia.

Sehemu ya dawa iko ziwani. Sambaza, samaki wadogo walioletwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwaka 1959, huliwa wazima pamoja na mifupa yao, na hivyo huwa chanzo kizuri cha kalisi. Maziwa ya nyanda za Gishwati nayo hayako mbali. Kinachoamua ni bei, na iwapo kikundi kinachowaalika wasichana kutumbuiza kinawalisha vya kutosha kabla ya mazoezi.

Vipimo vya uzito wa mifupa huhitaji mashine ya gharama, lakini maswali mawili hayana gharama: je, hedhi imekatika kwa miezi mitatu au zaidi? Je, kuna maumivu ya mguu yanayozidi kila siku ya mazoezi? Kwa kuwa mambo ya hedhi husemwa kwa kunong’ona, ni vyema maswali hayo yaulizwe na mwanamke aliyeaminiwa kikundini au na mhudumu wa afya wa jamii. Jibu la ndiyo kwa mojawapo ni sababu ya kwenda kituo cha afya mapema. Akiba ya mfupa isiyowekwa ujanani ni vigumu kuirudisha uzeeni.