Majaji waliohesabu vyuma

Tarehe 14 Juni 2024 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, majaji 6 dhidi ya 3, kwamba kitako kinachoteleza hakiigeuzi bunduki kuwa rashasha. Wamekosea, na kosa lenyewe limo ndani ya kitu kidogo sana: triga.

Kwa sheria ya mwaka 1934, rashasha ni silaha inayotoa yenyewe zaidi ya risasi moja kwa tendo moja la triga. Sasa kitazame kitako hiki. Mpigaji anakaza kidole mahali pamoja, mbele ya triga, na kwa mkono wa pili anaisukuma bunduki mbele. Risasi ya kwanza ikitoka, bunduki hupiga teke ikarudi nyuma ndani ya kitako. Mkono uleule unaisukuma tena, triga inakifuata kidole kilichotulia, risasi nyingine inatoka. Kidole hakijavuta tena. Kwa dakika moja zinaweza kutoka risasi 400 hadi 800.

Jaji Clarence Thomas, aliyeandika hukumu, aliweka hadi michoro ya vyuma vya ndani kuonyesha kwamba triga hujirudi kila risasi inapotoka. Ni kweli, hujirudi. Akaongeza kwamba bunduki haifyatui yenyewe kwa sababu mkono lazima uendelee kusukuma. Hapo siwezi kumnyamazia. Rashasha ya kawaida nayo hunyamaza mara tu kidole kinapolegea. Lazima mtu aendelee kubana. Kwa nini kubana kusihesabike kuwa kazi ya mtu, lakini kusukuma kuhesabike? Wapigaji wote wawili wameanza mara moja, wakashikilia, na risasi zikafuatana zenyewe. Kuwatenganisha kwa springi iliyofichika ndani ya chuma ni kuisoma sheria huku umeyapa mgongo maisha iliyotungwa kuyalinda.

Wapo wasemao marufuku ni kazi ya Bunge, si ya idara ya serikali inayosimamia silaha, iliyobadili tafsiri yake ya sheria hii mwaka 2018. Jaji Samuel Alito naye aliandika hivyo. Sawa. Siku nne baada ya hukumu suala lililetwa Seneti, kwa njia inayodai ridhaa ya maseneta wote. Seneta mmoja akapinga, likakwama.

Mjadala huu wote ulianzia hapa: usiku wa 1 Oktoba 2017, Las Vegas, mtu mmoja kwenye ghorofa ya 32 ya hoteli, mwenye bunduki zilizofungwa vitako hivi, alimimina risasi zaidi ya 1,000 kwa takriban dakika 11 juu ya watu waliokuja kusikiliza muziki. Waliokufa ni 60. Katika video za usiku ule risasi zinafululiza mlio juu ya mlio, na watu wanakimbia bila kujua zinatoka wapi.