Nani anakusukuma kwenye matatu?

Wiki hii naandika programu ya mchezo wa magari, na kuna jambo linanikera ambalo si la kompyuta peke yake.

Watu huzungumzia kani kama mali ya kitu kimoja: "lile lori lilikuja na nguvu". Ukiandika programu huwezi kufikiri hivyo. Kani ni msukumo au mvuto kati ya vitu viwili. Nikikokotoa kani lazima nitaje A na B. Kiasi ninachoongeza kwa A ndicho ninachotoa kwa B. Isaac Newton aliandika hivyo mwaka 1687, mimi nanakili tu :-) Ukitembea, kiatu kinasukuma lami nyuma, lami inakusukuma mbele. Kwenye matope unateleza kwa sababu mwenzako huyo hana pa kukushikia.

Sasa panda matatu. Dereva akikanyaga breki ghafla, abiria watakuambia kuna nguvu "iliyowarusha" mbele. Waulize: ni kitu gani kiliwasukuma? Hakuna! Barabara imelisukuma gari nyuma kupitia magurudumu, na gari limepunguza mwendo. Wewe umeendelea na mwendo wako ule ule, mpaka kipatikane kitu cha kukurudisha nyuma: mkanda, kiti cha mbele, au kioo.

Sheria za Michuki, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, zilileta mikanda na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa. Lakini bado naona wazazi wakiwapakata watoto, kila mtu akiamini mama atamshika. Haya, tupige hesabu. Gari linakwenda kilomita 80 kwa saa, linagonga na kusimama ndani ya nusu mita. Ili mtoto wa kilo 10 asimame pamoja nalo, lazima kitu kimvute kwa takriban nyutoni 5,000. Hiyo ni sawa na kubeba kilo 500, yaani zaidi ya magunia matano ya mahindi ya kilo 90. Na mama mwenyewe wakati huo anaruka pia.

Mimi makanga akiniambia mkanda wa kiti hiki umekatika "lakini ni hapa karibu tu", nashuka. Wananiita mshamba. Nasubiri gari lingine.